Jirani akimuua mbwa wako: Njia tatu za kisheria, na makosa ya kuepuka

Binti yangu wa miaka tisa ndiye aliyempata. Ilikuwa Jumamosi, kabla jua halijachomoza, naye alikuwa ametoka nje kumpa Simba maziwa kama alivyozoea siku asizoenda shule. Alirudi ndani akasema Simba amelala vibaya na hataki kuamka.

Simba alikuwa kando ya tangi la maji, miguu imekakamaa, povu limemkaukia mdomoni. Karibu naye palikuwa na matapishi yenye vipande vya nyama ambayo haikutoka jikoni kwetu. Wiki moja kabla ya hapo, jirani wa ploti ya nyuma alikuwa amesema mbele ya watu kwamba mbwa wa mtaa wetu hapa Rongai wamemchosha, na iko siku atawatafutia dawa. Kwa hivyo hatukuhitaji kuambiwa nani aliyefanya hivyo. Angalau ndivyo tulivyodhani.

Kufikia saa tatu asubuhi tulikuwa tumefanya mambo matatu. Mume wangu alichimba shimo chini ya mparachichi akamzika Simba ili watoto wasiendelee kumtazama. Mimi nilimwaga ndoo mbili za maji ya sabuni nikaosha sakafu yote. Kisha, nikiwa bado natetemeka kwa hasira, niliandika katika kundi la WhatsApp la mtaa kwamba fulani ni muuaji, nikamtaja jina.

Jumatatu nilienda kituo cha polisi. Afisa aliyekuwa kwenye dawati alinisikiliza kwa upole kuliko nilivyotarajia, kisha akaniuliza maswali manne. Mzoga uko wapi? Daktari wa mifugo alisema amekufa kwa nini? Nani alimwona jirani akitupa nyama? Una karatasi gani ya kuonyesha kwamba mbwa alikuwa wako? Sikuwa na jibu hata moja. Aliandika ripoti yangu, akanipa nambari ya OB, na nikarudi nyumbani nikijua kwamba kama palikuwa na kesi, tuliizika wenyewe pamoja na mbwa.

Wiki zilizofuata nilisoma sheria, nikawauliza wakili na daktari wa mifugo maswali ambayo ningefaa kuyauliza mapema. Nimeyaandika hapa kwa ajili ya familia nyingine ambayo huenda ikaamkia jambo kama letu.

Mbele ya sheria, mbwa ni mali

Jambo la kwanza linaumiza, lakini ni vyema kulijua mapema. Kwa mtoto wako, mbwa au paka ni mmoja wa familia. Kwa sheria za Kenya, ni mali yako, kama baiskeli au runinga. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 267, inasema mnyama yeyote aliyefugwa akazoea watu, na ambaye ana mwenyewe, ni kitu kinachoweza kuibwa. Maana yake ni kwamba mbwa ana mmiliki, na mmiliki ana haki juu yake.

Hata ndani ya mali, wanyama hawalingani. Kifungu cha 278, kinachohusu wizi wa mifugo, kinataja ng'ombe, mbuzi, kondoo, ngamia, punda, nguruwe na wengine, na anayepatikana na hatia anaweza kufungwa hadi miaka 14. Mbwa na paka hawamo katika orodha hiyo. Sheria hiyo iliandikwa ikimfikiria mfugaji aliyeibiwa mifugo inayolisha familia yake.

Lakini kuwa mali kuna faida yake. Mtu hana ruhusa ya kuharibu mali yako kwa sababu tu imemkera. Mbwa wako akibweka usiku kucha, jirani anaweza kukulalamikia, kukupeleka kwa chifu au hata kukushtaki kwa kero. Mwenye nyumba anaweza kukukumbusha kwamba mkataba wa kupanga unakataza wanyama, na kukutaka umtoe mbwa au uhame. Hakuna hata mmoja kati yao anayepata haki ya kuweka sumu.

Njia ya kwanza: Kesi ya jinai

Hii ndiyo njia ambayo wengi huifikiria kwanza, yaani kwenda polisi. Kuna sheria tatu zinazoweza kutumika.

Ya kwanza ni Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura 360. Hii inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumtesa, kumtia hofu na kumsababishia mateso yasiyo ya lazima. Adhabu yake ni faini isiyozidi Sh3,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Sheria hii ni ya mwaka 1962, na wakati huo Sh3,000 zilikuwa pesa nyingi. Leo hazitoshi hata gharama ya matibabu ya mbwa aliyekula sumu. Tena sheria hii inaangalia mateso zaidi kuliko kifo chenyewe, kwa hivyo maelezo ya jinsi mnyama alivyoteseka kabla ya kufa yana uzito mkubwa.

Ya pili ni kifungu cha 338 cha Kanuni ya Adhabu, kinachosema ni kosa kumuua, kumlemaza au kumjeruhi, kwa makusudi na kinyume cha sheria, mnyama anayeweza kuibwa. Hapa ndipo kile kifungu cha 267 kinapomsaidia mwenye mbwa.

Ya tatu ni kifungu cha 339, cha kuharibu mali kwa makusudi, ambacho adhabu yake inaweza kufika miaka mitano gerezani.

Si kazi yako kuchagua kifungu. Kazi yako ni kuripoti, kupata nambari ya OB, kuandika taarifa na kukabidhi ushahidi. Polisi huchunguza, na uamuzi wa kushtaki ni wa afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Ukiona faili imelala, rudi kituoni na umwone mkuu wa kituo, ukiwa na nambari yako ya OB mkononi. Wakazi wa Nairobi na maeneo ya karibu wanaweza pia kupiga ripoti kwa shirika la kutetea wanyama la KSPCA, ambalo limeshughulika na kesi za ukatili kwa miaka mingi.

Kuna mambo mawili ambayo walalamishi wengi hawayajui. La kwanza ni kwamba hakimu akimpata mshtakiwa na hatia, kifungu cha 175 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinamruhusu kuagiza mshtakiwa akulipe fidia ambayo ungeipata kama ungefungua kesi ya madai. Faini huenda kwa serikali, lakini fidia ni yako. Mwambie kiongozi wa mashtaka mapema kwamba unaomba fidia, na umpe risiti zako. La pili ni kwamba kifungu cha 88 cha sheria hiyohiyo kinampa hakimu uwezo wa kumruhusu mtu binafsi kuendesha mashtaka. Ni njia ngumu, na mahakama hutaka kujua kwanza kwa nini serikali haikushtaki. Lakini ipo.

Ugumu wa kesi ya jinai ni kiwango cha ushahidi. Ni lazima ithibitishwe bila shaka kwamba ni fulani aliyefanya, na kwamba alifanya kwa makusudi. Maneno ya hasira ya wiki iliyopita, peke yake, hayatoshi kumfunga mtu.

Njia ya pili: Kudai fidia

Hii ndiyo njia ambayo familia nyingi huisahau, ingawa mara nyingi ndiyo inayofaa zaidi. Katika kesi ya madai huhitaji kuondoa kila shaka. Unahitaji kuonyesha kwamba, ukipima ushahidi wote, inaelekea zaidi kuwa yeye ndiye aliyesababisha. Wala si lazima awe alikusudia. Mtu aliyeacha nyama yenye sumu mahali ambapo mbwa, paka au hata mtoto wa jirani anaweza kufika anaweza kudaiwa kwa uzembe, hata akiapa kwamba alikuwa akitega panya.

Tangu mwaka 2021, Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo. Ilianzia Milimani, Nairobi, na baadaye ikafunguliwa katika miji mingine. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na kati ya madai hayo ni hasara au uharibifu wa mali. Unaweza kujieleza mwenyewe kwa Kiswahili bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kama hakuna mahakama hiyo karibu nawe, mahakama ya hakimu ya kawaida inaweza kusikiliza dai lako.

Kabla ya kwenda huko, andika barua ya madai. Eleza kilichotokea, tarehe, hasara uliyopata, kiasi unachodai na siku unazompa kukujibu. Mpelekee mbele ya shahidi na ubaki na nakala. Kesi nyingine huishia hapo, kwa sababu mtu akiona hesabu imeandikwa vizuri huanza kuzungumza.

Je, udai pesa ngapi? Hapa ndipo penye uchungu. Mahakama huanza na thamani ya mali. Ongeza gharama za daktari wa mifugo, za uchunguzi wa mzoga na za usafiri. Kama mbwa alipata mafunzo ya ulinzi, au alikuwa wa kuzalisha na kuuza, onyesha risiti na mapato. Simba tulimnunua kwa Sh8,000 akiwa mtoto. Nilipojumlisha bei hiyo na chanjo za miaka miwili, hata Sh20,000 hazikufika. Machozi ya mtoto hayana safu katika hesabu hiyo. Anayeenda mahakamani akitarajia malaki kwa sababu ya majonzi huenda akarudi na uchungu wa pili.

Muda nao una mpaka. Kwa madai ya aina hii, Sheria ya Ukomo wa Madai inakupa miaka mitatu tangu siku ya tukio. Inaonekana mingi, lakini mashahidi huhama, na picha za kamera nyingi hujifuta zenyewe baada ya siku chache.

Njia ya tatu: Kuketi chini

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize upatanisho na njia za kijadi za kutatua mizozo. Kwa jambo linalohusu watu wanaotumia ukuta mmoja, njia hii isidharauliwe. Unaweza kwenda kwa chifu, kwa mzee wa mtaa, kwa kamati ya wakazi au kwa viongozi wa dini mnaowaheshimu nyote wawili.

Mapatano ya maneno husahaulika, kwa hivyo mambo yaandikwe. Karatasi iseme nani atalipa nini na lini, nani atafanya nini ili jambo lisirudiwe, na nyote wawili mtie sahihi mbele ya mashahidi. Mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi yanaweza kukusaidia mahakamani kama mwenzako atayavunja.

Lakini upatanisho hauna nafasi pale ambapo kuna vitisho kwa watu, pale ambapo wanyama wa nyumba kadhaa wameuawa mmoja baada ya mwingine, au pale mtoto alipokaribia kuila nyama hiyo. Hayo ni ya polisi moja kwa moja.

Siku mbili za kwanza

Wakili niliyemuuliza alinieleza kwamba kesi nyingi za aina hii hufa katika siku mbili za kwanza, kwa mikono ya wenye mnyama wenyewe. Ilikuwa hivyo kwetu. Haya ndiyo ya kufanya.

Kama mnyama bado anapumua, mkimbize kwa daktari wa mifugo. Usimlazimishe kunywa maziwa wala mafuta, hasa akiwa anatetemeka au amezimia, kwa maana yanaweza kuingia mapafuni. Mwambie daktari kila ulichokiona, na umwombe aandike.

Kama amekufa, usimzike. Watoe watoto na wanyama wengine mahali hapo. Piga picha za mwili, za matapishi, za nyama, za ua na za tundu lolote kwenye ua, kabla ya kusogeza chochote. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, kwa sababu baadhi ya sumu za kilimo hupenya hata kwenye ngozi. Chukua nyama iliyobaki na sehemu ya matapishi, weka kila kimoja katika chombo safi chenye kifuniko, uandike tarehe na saa.

Funga mzoga kwenye plastiki na uuweke mahali penye baridi. Barafu inafaa, lakini usiugandishe kabisa, kwa kuwa mwili ulioganda ni mgumu kuuchunguza. Kisha mtafute daktari wa mifugo aliyesajiliwa, siku hiyohiyo ukiweza, aupasue na kuchukua sampuli za tumbo na ini. Huko Kabete kuna maabara za serikali za mifugo na kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Ripoti yenye sahihi ya daktari ndiyo itakayogeuza "nadhani alilishwa sumu" kuwa ushahidi.

Nenda polisi siku hiyohiyo. Waombe majirani wenye kamera za CCTV wahifadhi picha kabla hazijafutika. Hifadhi pia jumbe zozote za vitisho, na usizifute kwenye simu hata baada ya kupiga picha skrini. Kumbuka kwamba ushahidi wa kielektroniki huhitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza jinsi ulivyopatikana, kwa hivyo andika nani alitoa video, kutoka kamera gani, na lini.

Mwisho, kusanya karatasi za kuonyesha kwamba mnyama ni wako: kadi ya chanjo, risiti ya kumnunua, leseni ya kaunti kama unayo, na picha zake akiwa nyumbani kwako. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mbwa ni mali.

Si kila kifo ni kosa

Haki ina pande mbili, na huu ni upande ambao mwenye mbwa hapendi kuusikia.

Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinatambua haki ya mtu kujikinga na kukinga mali yake. Mbwa wako akimrukia mtoto njiani na mtu akamuua katika kumwokoa mtoto huyo, ni vigumu kumtia hatiani. Ni vivyo hivyo kwa mfugaji aliyemkuta mbwa akirarua mbuzi wake. Swali litakuwa kama alitumia nguvu ya kadiri, na kama hatari ilikuwapo wakati huo. Aliyengoja siku tatu kisha akatega sumu hakuwa akijikinga.

Kuna pia kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao bado unaua watu nchini mwetu, wengi wao watoto. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura 365, inawapa maafisa wa mifugo mamlaka ya kukamata na hata kuua mbwa wanaozurura katika maeneo yenye hatari. Mbwa asiye na chanjo, asiye na mkanda shingoni, anayezurura usiku, atamponza mwenyewe. Tena mbwa huyo akimng'ata mtu, wewe ndiye utakayedaiwa.

Gari likimgonga mbwa, Sheria ya Trafiki inamtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame, na unaweza kumdai kama aliendesha kwa uzembe. Lakini mbwa akiachwa kuzurura barabarani, hakimu atauliza nani alimwachilia, na dereva anaweza kukudai wewe gharama za kutengeneza gari lake. Na kama mnyama amekufa mikononi mwa daktari kwa uzembe, mbali na kudai fidia unaweza kulalamika kwa Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, inayosajili na kuadhibu madaktari hao. Mnyama kufa wakati wa matibabu si uzembe peke yake. Onyesha kile ambacho daktari alifaa kufanya akakosa kufanya.

Mambo ya kuepuka

Usilipize kisasi. Ukiua kuku wa jirani kwa sababu ya mbwa wako, sheria niliyoitaja hapo juu itakuangukia wewe, na yeye atakuwa na ushahidi kukuliko.

Usimtaje mtu hadharani. Nilipoandika lile neno "muuaji" katika kundi lenye watu zaidi ya 100, nilimpa jirani haki ya kunishtaki kwa kumharibia jina, kesi ambayo ingeweza kunigharimu mara nyingi zaidi ya thamani ya Simba. Andika kwamba mbwa wako amekufa kwa kinachoonekana kuwa sumu, waonye wazazi wachunge watoto na wanyama wao, na uombe mwenye habari akupigie. Hilo linatosha, na litakuletea mashahidi.

Usivamie ploti ya mtu kutafuta sumu. Ukitaka pakaguliwe, waambie polisi.

Na kama huna uwezo wa wakili, usikate tamaa. Mashirika kama Kituo Cha Sheria hutoa ushauri kwa wasiojiweza, na makarani wa Mahakama ya Madai Madogo huelekeza watu jinsi ya kujaza fomu.

Yaliyotupata sisi

Kesi yetu haikufika mahakamani. Mwenyekiti wa kamati ya mtaa ndiye aliyetuketisha, jioni moja sebuleni kwake, sisi na jirani na mkewe. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Lakini kwanza ilinibidi kuomba radhi kwa yale niliyoyaandika, na kuyafuta katika kundi mbele yao. Sikuona raha kufanya hivyo.

Kisha jirani akasema. Ndiyo, aliweka nyama. Mbwa wasio na wenyewe walikuwa wameingia kwake mara mbili wakala sungura wake kumi na mmoja, ambao alikuwa akiwafuga ili kulipa karo ya mwanawe. Aliiweka nyama upande wake wa ua. Hakumkusudia Simba, na hakujua kwamba Simba hupita huko. Hapo mume wangu aliinamisha kichwa, kwa sababu tundu katika ua ule lilikuwa upande wetu, na alikuwa ameahidi kuliziba tangu Pasaka.

Je, ningeweza kumdai? Wakili aliniambia ningeweza, kwa kuwa kuweka sumu pasipo kuwaonya majirani ni uzembe, hata kama sungura walikuwa wake na uchungu wake ulikuwa wa kweli. Aliniambia pia kwamba tundu letu lingepunguza fidia. Tuliandikiana. Yeye angelipa nusu ya bei ya mbwa mwingine na hangeweka tena sumu mtaani. Sisi tungeziba ua, tungemfungia mbwa usiku, na kwa pamoja tungeiandikia kaunti kuhusu mbwa wanaozurura. Mwenyekiti alibaki na nakala moja.

Kuna jambo moja ambalo halikuwa katika karatasi. Siku mbili baadaye jirani alikuja langoni, akaomba kuzungumza na binti yangu. Alichuchumaa, akamwambia kwamba yeye ndiye aliyeweka ile nyama, na kwamba anajuta. Binti yangu alimuuliza kama sungura wake walikuwa na majina. Alisema wawili walikuwa nayo.

Mbwa tuliye naye sasa ni jike mweusi. Ana mkanda shingoni, analala bandani, na kadi yake ya chanjo iko kwenye faili moja na vyeti vya watoto vya kuzaliwa. Ndani ya faili hiyo kuna risiti ya kumnunua na picha tatu. Binti yangu ndiye aliyezipiga, na nyuma ya kila moja ameandika tarehe kwa kalamu.